Kukausha maembe na mananasi ya Tanzania mpaka yafike soko la nje, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia kusindika matunda wazo la kwanza ni juisi. Mtu anatafuta chupa, anatafuta lebo, anaulizia bei ya mashine ya kujazia, na kichwani tayari anaona kontena linatoka bandari ya Dar kwenda Ulaya. Naomba niseme mapema kabla hujatoa hela yako: kwa mwenye mtaji mdogo au wa kati, juisi ya chupa ni biashara ya hapa ndani na ya majirani, ipeleke Kigoma ivuke Congo, ipeleke Rwanda na Burundi, huko inalipa. Ila kuvuka bahari hapana, maana juisi sehemu kubwa ni maji na yale maji utayalipia nauli kilo kwa kilo, halafu ukifika unakutana na viwanda vinavyonunua konsentreti, yaani juisi nzito iliyotolewa maji, kwa mapipa na kuchanganya huko huko kwa bei ambayo wewe huiwezi. Ukitaka kufika Ujerumani, Uingereza au Dubai peleka tunda ambalo maji yameshatoka. Ndo maana mwongozo huu ni wa matunda makavu, hasa embe na nanasi, na rojo, yaani embe lililosagwa, nitaligusa kidogo tu.

Kwanini nasema nafasi ipo? Angalia embe bichi. Yule nzi wa matunda wa kutoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, mwaka huo huo akawa ameshafika na kwetu, na tangu hapo kupeleka embe bichi Ulaya imekuwa shughuli pevu, mpaka Kenya mwaka 2014 ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe kule kwa sababu ya mizigo kukutwa na funza. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa halina shida hiyo, funza hawezi kuishi mle. Pia Tanzania kwa kuwa iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni bidhaa zake zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru na bila kikomo cha kiasi, mpango huo upo tangu 2001, na Uingereza wana wa kwao ulioanza 2023. Na tusijidanganye kwamba lazima uwe na bandari nzuri ndo uuze, Burkina Faso haina hata pwani lakini ni kati ya nchi zinazoongoza Afrika kwa kuuza embe kavu Ulaya, wanakausha kwa makaushio ya gesi, wanasafirisha kwa malori mpaka bandari za majirani. Uganda nao kuna kampuni ya Fruits of the Nile imekuwa ikinunua mananasi na ndizi zilizokaushwa na vikundi vya vijijini na kuzipeleka Uingereza tangu miaka ya 1990. Sisi tuna bahari, tuna maembe yanaozea chini ya miti, kilichobaki ni kazi.

Hatua ya 1: Jua tunda lako linatoka wapi na miezi gani halipo

Kabla ya kuulizia mashine kaa chini uandike kalenda. Embe la Pwani, yaani Mkuranga, Kibiti, Rufiji huko, linashuka kwa wingi Novemba mpaka Februari, na Tabora, Dodoma na Morogoro nao wanayo. Nanasi unalipata karibu mwaka mzima ukiwa na wakulima wanaopanda kwa zamu, Kiwangwa kule Bagamoyo na Geita ndo majina makubwa. Ndizi mwaka mzima, Kagera, Kilimanjaro, Rungwe. Fenesi Unguja, Pemba, Muheza na milima ya Morogoro. Machungwa ya Muheza waachie watu wa juisi.

Hii kalenda ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu embe peke yake ni miezi mitatu minne, baada ya hapo kaushio limelala na wafanyakazi uliowafundisha wameondoka. Kwa hiyo embe iwe ndo bidhaa yako ya kukutambulisha, lakini nanasi na ndizi ndo ziwalipe watu mishahara miezi ile mingine.

Aina ya embe nayo sio ya kupuuza. Embe ng'ong'o na maembe mengine ya nyuzi nyingi achana nayo, kipande kikikauka nyuzi zinabaki kwenye meno na mnunuzi hatarudi. Dodo na bolibo zinafaa kama zimeiva vizuri, na siku hizi Pwani na Morogoro kuna mashamba ya Apple, Kent, Keitt na Tommy. Kent na Keitt zina nyama nene na nyuzi chache, Tommy inavumilia safari lakini utamu wake wa kawaida. Chukua kilo kadhaa za kila aina, kausha mwenyewe, onja, angalia rangi baada ya wiki mbili kwenye mfuko, hapo ndo utajua yako ni ipi.

Halafu ununuzi. Pwani wachuuzi wengi wamezoea kununua mti mzima ukiwa bado na matunda machanga, mkulima anapewa hela kidogo kwa sababu ana shida ya ada ya shule na msimu ukifika hana tena sauti. Nakuomba usifanye hivyo. Nunua kwa kilo, mzani uwepo pale shambani mkulima auone, lipa siku hiyo hiyo au kwa simu, na waambie mapema unataka embe la kuchumwa kwa mkono, sio la kupiga fimbo. Embe lililoanguka lina kidonda ndani hata kama ganda linang'aa, ukilikata unakuta weusi na hiyo sehemu yote unatupa. Mkulima akijua unalipa vizuri embe zima ataanza mwenyewe kutafuta kikapu na kamba ya kushushia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kilo kabla ya hesabu ya hela

Hapa ndo wengi wanapotelea kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua kilo 100 za embe zima. Toa ganda, kokwa na sehemu mbovu, unabaki na kama kilo 50 za vipande. Kati ya hizo kama asilimia 83 ni maji, kwa hiyo nyama yenyewe kavu ni kama kilo 8 na nusu. Embe kavu halikaushwi mpaka liwe chips, linabaki na unyevu wa kama asilimia 15, kwa hiyo utapata kilo 10 hivi. Sasa toa vilivyoungua, vilivyobadilika rangi, vilivyoonjwa, unaweza kubaki na 8. Yaani kilo moja ya embe kavu imekula kilo 10 mpaka 13 za embe bichi. Nanasi linakwenda huko huko au zaidi kidogo kwa sababu ya ganda na kile kiini cha katikati. Ndizi ni nafuu, haina maji mengi kama wenzake, kilo 5 mpaka 6 zinakupa moja.

Sasa tuseme embe umenunua shilingi 500 kwa kilo, hapo tunda peke yake ndani ya kilo moja kavu ni shilingi 5,000 mpaka 6,500. Bado mkataji, bado gesi au kuni, maji, mifuko, maboksi, vipimo vya maabara, usafiri, na hela ya benki. Weka bei zako mwenyewe lakini fuata mpangilio huo huo, na ukimaliza uulize kilo ya jumla huko unakouzia inanunuliwa shilingi ngapi. Usiangalie bei ya pakiti ya gramu 100 kwenye supamaketi ya Berlin ukazidisha kwa kumi, ile bei ina muagizaji, mpakiaji, duka na kodi za kwao ndani yake.

Hesabu ya pili ni ya uwezo wa kaushio. Mita moja ya mraba ya trei inachukua kama kilo 4 mpaka 5 za vipande. Kaushio lenye trei za mita 20 za mraba kwa hiyo linabeba kilo 100, zinatoka kilo 20 kavu, na kwa jua zuri ni siku mbili. Mnunuzi anataka tani moja, ambayo kwa biashara hii ni oda ndogo sana. Tani moja ni mizunguko 50, siku 100, na msimu wa embe hauna siku 100 za jua. Mtu mmoja mwenye kaushio moja hawezi, na ndo maana nasema mapema fikiria kikundi au makaushio kadhaa yanayofuata utaratibu mmoja, au fikiria kuuza kwa kampuni kubwa ya hapa nchini inayokusanya na kusafirisha. Kuanzia hapo sio aibu hata kidogo.

Hatua ya 3: Kaushio linaloendana na hali ya hewa ya msimu wako

Kuna kitu hakisemwi sana kwenye semina. Embe la Pwani linaiva wakati vuli bado inanyesha, na hata siku isiyo na mvua hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kaushio la sola tupu, lile la nailoni na trei, linafanya kazi vizuri siku ya jua kali lakini likikamata mawingu siku mbili na vipande vikiwa nusu bichi unapata harufu ya uchachu na ukungu, bachi nzima, yaani mzigo wote wa mkupuo ule, imekwenda. Kwa hiyo tengeneza au nunua lenye chanzo cha pili cha joto, iwe jiko la gesi, kuni zinazopita kwenye bomba bila moshi kugusa chakula, au hita ya umeme kama umeme wako unaaminika. Jua litumike kupunguza gharama, moto uwe wa kuokoa mzigo. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo kila mkoa, wana mafunzo ya usindikaji na mafundi wa mashine ndogo, nenda ukaone makaushio yanayofanya kazi kabla ya kumpa fundi wa mtaani oda.

Kwenye kaushio angalia vitu hivi: trei ziwe za wavu wa plastiki salama kwa chakula au stenlesi na kamwe usitumie wavu wa mbu wala mabati, hewa iingie upande mmoja itoke upande mwingine maana joto bila hewa linapika badala ya kukausha, na kuwe na kipimajoto angalau sehemu mbili. Joto la nyuzi 55 mpaka 65 linatosha. Ukikimbilia 80 ili uwahi, nje panatengeneza gamba gumu na maji yanabaki ndani, unaona kipande kimekauka kumbe baada ya wiki kinatoa jasho kwenye mfuko.

Hela ya kuanzia kama huna, kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri usio na riba, na kwa wakubwa kidogo kuna TADB, benki ya maendeleo ya kilimo. Andaa kwanza zile hesabu za hatua ya pili, afisa mikopo akiona kilo zako zimekaa sawa mazungumzo yanakuwa mengine.

Hatua ya 4: Kazi yenyewe chumbani

Embe liive kabisa lakini liwe bado limekaza, ukibonyeza linarudi. Liivishe kwenye kivuli juu ya chanja au kwenye makreti, usitumie kabaidi, ile kemikali ya kuivishia haraka. Kama unacho kirefraktometa, kile kidude kidogo cha kupima sukari kwa tone moja la juisi, kitakusaidia sana kuchagua maembe yenye utamu unaolingana, mnunuzi anataka pakiti ya Machi ifanane na ya Desemba.

Osha kwa maji safi yenye klorini kidogo, suuza, menya, kata. Unene wa kipande uwe milimita 5 mpaka 8 na uwe huo huo, hapa ndo pa kusimamia kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kwenye trei moja kipande cha milimita 4 kitakuwa ngozi wakati cha milimita 10 bado kinadondosha. Visu viwe vya stenlesi na vinolewe kila asubuhi. Wakataji wafunike nywele, wavue pete na bangili, kucha fupi, mwenye kidonda au anayeumwa tumbo apewe kazi nyingine siku hiyo bila kukatwa malipo, la sivyo ataficha. Nywele moja kwenye katoni inaweza kurudisha mzigo wote na watu wanaona ni jambo dogo.

Panga vipande safu moja bila kupandiana. Geuza vikishaanza kushikana.

Kujua kama vimeiva kukauka chukua kipande kiache kipoe kwanza, kikiwa cha moto kinadanganya, kila kitu kinaonekana laini. Kikipoa kikunje katikati: kisivunjike, kisitoe maji ukikiminya, na ukikichana pale kwenye mkunjo usione unyevu unaong'aa. Halafu weka vipande vichache kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko usiku mzima, asubuhi ukikuta matone kwenye kioo rudisha bachi kwenye kaushio. Vipimo hivi vya mkono ni vizuri kwa kila siku lakini mnunuzi wa nje atataka namba, kwa hiyo kipima unyevu kinunuliwe mapema, na maabara ikupimie pia yale maji huru ambayo ukungu unaweza kuyatumia, kipimo chake kinaanzia 0 mpaka 1, ukiwa chini ya 0.6 ukungu hauoti.

Baada ya hapo usipakie moja kwa moja. Jaza kwenye madumu makubwa ya chakula yenye mfuniko unaobana, acha siku kadhaa ukiwa unatikisa, vile vilivyokauka zaidi vinanyonya unyevu wa vile vibichi na vyote vinalingana. Ndo uchambue kwa rangi na ukubwa juu ya meza yenye mwanga mzuri. Daraja la kwanza linakwenda nje, vipande vidogo na vilivyovunjika vinauzwa hapa kwa mahoteli, wauza nafaka za asubuhi na waokaji keki. Kufungasha kufanyike kwenye chumba kikavu, asubuhi ya mvua milango imefungwa, kwa sababu embe kavu linanyonya hewa ya pwani haraka mno. Mzigo wa jumla mara nyingi unakwenda kwenye mfuko mzito wa chakula uliofungwa kwa joto ndani ya katoni ya kilo 10 au 12.5, lakini muulize mnunuzi kwanza.

Kuhusu salfa. Kuna watu wanafukiza salfa ili embe libaki na rangi kali. Ulaya kwa ndizi kavu mwisho ni miligramu 1,000 kwa kilo na kwa embe na nanasi kavu ni 500, na ikizidi 10 tu lazima iandikwe kwenye lebo kwa sababu kuna watu inawadhuru. Maoni yangu ni uiache kabisa. Wanunuzi wanaolipa vizuri wanatafuta tunda bila salfa na bila sukari ya kuongeza, rangi iwe ya dhahabu iliyokolea kidogo hawana shida nayo, na kuchovya vipande kwenye maji ya limau kunasaidia rangi isikimbie.

Dawa za shambani nazo: Ulaya dawa ambayo haijawekewa kiwango maalum mwisho wake ni miligramu 0.01 kwa kilo, ambayo ni kama hakuna. Na kumbuka ukitoa maji kilichokuwepo kwenye tunda kinabaki kwenye kilo chache zaidi. Miti mingi ya zamani ya vijijini haijawahi kupigwa dawa yoyote, huo ni utajiri, ila bila karatasi hauhesabiki. Cheti cha kilimo hai kwa soko la Afrika Mashariki kuna alama ya Kilimohai na TanCert wanakagua, kwa Ulaya sheria yao mpya inataka kikundi cha wakulima kiwe kimesajiliwa kisheria na kisizidi watu 2,000, kwa hiyo kabla ya kulipia ukaguzi hakikisha ushirika wenu una usajili na daftari la kila shamba.

Hatua ya 5: Makaratasi

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu ni mlolongo unaojulikana. Sajili jina au kampuni BRELA, chukua TIN ya TRA, leseni ya biashara, kisha jengo na bidhaa visajiliwe TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yalihamia TBS kwa hiyo usipoteze nauli kuzunguka. Ukiwa mdogo pitia SIDO kwanza upate barua ya utambulisho, kuna utaratibu wa kumsaidia mjasiriamali mdogo kupata alama ya ubora bila gharama kipindi cha mwanzo. Unguja na Pemba kazi hiyo ni ya ZBS kwa viwango na ZFDA kwa chakula na dawa. Barakodi za GS1 Tanzania zinaanza na 620, utazihitaji kama unauza pakiti za dukani.

Cheti cha afya ya mimea kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, uliza kwa kila nchi na kila bidhaa maana tunda lililosindikwa sehemu nyingine halidaiwi na sehemu nyingine wanalidai. Cheti cha asili ya bidhaa, nenda TCCIA, chemba ya biashara, wakuelekeze. Kwa Ulaya mzigo usiozidi euro 6,000 muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko la asili kwenye invoisi yake, ukizidi hapo lazima uwe umesajiliwa kwenye REX, mfumo wao wa kusajili wauzaji nje. Kwa Afrika Mashariki mzigo wa mpaka dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha unatumia cheti rahisi unachopata pale mpakani, na alama ya TBS inatambulika nchi zote za jumuiya, hii watu hawaitumii inavyostahili.

Mfumo wa usalama wa chakula wa HACCP anza kuuandika siku ya kwanza hata kwenye daftari: embe limetoka kwa nani, limekatwa lini, limekauka joto gani saa ngapi, namba ya bachi. Vyeti vikubwa vya usalama wa chakula kama ISO 22000 au BRC vitakuja mnunuzi akivitaka, lakini ukiwa na daftari la misimu miwili mkaguzi anakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Hatua ya 6: Mnunuzi

Mnunuzi atafutwe wakati unajenga, usisubiri mpaka stoo ijae. Anza karibu: mahoteli ya Zanzibar na Arusha, maduka ya uwanja wa ndege, supamaketi za Nairobi. Huko ndo utajifunza kulalamikiwa kwa gharama ndogo. Sabasaba, yale maonyesho ya biashara, inaanza tarehe 28 Juni kila mwaka pale Temeke, TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, ndo wanaiandaa na huwa wanaleta wanunuzi wa nje, kaa kwenye banda na sampuli zilizofungwa vizuri. TAHA Arusha, chama cha wadau wa mazao ya bustani, wana uzoefu mkubwa, jiunge. Maonyesho ya nje kuna Gulfood Dubai mwanzoni mwa mwaka, Biofach kule Nuremberg mwezi wa pili kwa kilimo hai, na Anuga ya Cologne kila mwaka wa namba witiri. Sio lazima uende, orodha ya washiriki peke yake ni hazina, chukua waagizaji wa matunda makavu uwaandikie mmoja mmoja.

Barua iwe fupi: unatoa nini, aina gani ya embe, kilo ngapi kwa mwezi, unyevu asilimia ngapi, salfa ipo au haipo, una vyeti gani. Ambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo ya bidhaa na majibu ya maabara. Usiseme unaweza tani 20 kama una kaushio mbili, watu wa biashara hii wanajuana na wataomba picha na video ya eneo lako.

Ghuba, yaani Oman na Emirates, wana ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili na kuna maduka yanayouza vitu vya nyumbani, ni mlango mzuri wa pakiti ndogo. Lebo iwe na Kiarabu, na tarehe ya kutengeneza na ya kuisha zichapishwe, stika iliyobandikwa juu ya nyingine italeta shida forodhani.

Rojo sasa. Embe lililosagwa, likachemshwa na kufungwa kwenye mfuko usio na vijidudu ndani ya pipa la kilo 200 na kitu lina soko kubwa dunia nzima, lakini India ndo wenyewe na mtaji wa kiwanda ni wa watu kama Bakhresa kule Mwandege au Sayona pale Chalinze. Kwako wewe mdogo viwanda hivi ni wateja: maembe yaliyoiva mno mpaka hayafai tena kukaushwa ndo hayo hayo yanafaa kusagwa. Panga nao bei kabla ya msimu.

Hatua ya 7: Oda ya kwanza na hela yako

Atakuomba sampuli ya kilo moja au mbili, mpe kutoka bachi ya kawaida, usichague vipande vizuri peke yake, kwa sababu atakachoonja ndo atakachodai kwenye tani. Baada ya hapo oda ya majaribio, kilo mia kadhaa, kwa ndege au kwa kushea kontena na wengine. Bei iandikwe inaishia wapi: FOB Dar maana yake wewe unafikisha mpaka kwenye meli, CIF maana yake nauli na bima ni juu yako, tofauti yake inaweza kumeza faida yote. Kwa anayeanza FOB ni salama zaidi. Malipo mkubaliane sehemu itangulie, asilimia 30 ni kawaida, na inayobaki ilipwe kwa kuona nakala za hati za meli, au mtumie barua ya dhamana ya benki kama kiasi ni kikubwa. Mnunuzi mpya anayetaka mzigo wote kwanza na atalipa akiuza, mwambie hapana kwa adabu. Wakala wa forodha mpate mwenye leseni ya TRA na umuulize orodha ya tozo zote kwa maandishi.

Kontena likifunguliwa litazame kabla ya kupakia: lisiwe na harufu, lisiwe na tundu, sakafu iwe kavu. Weka mifuko ya kunyonya unyevu kwa sababu usiku wa baharini ukuta wa ndani unatoa jasho. Katoni zisiguse ukuta. Piga picha kila hatua na namba ya lakiri.

Kisha kwa kila bachi iliyoondoka bakiza pakiti mbili stoo, zimefungwa vile vile, zina namba ile ile, zikae mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi ipite. Mnunuzi akikuandikia kwamba mzigo una ukungu au rangi imebadilika, unamtumia moja na nyingine unaipeleka maabara, na mkiwa na majibu mawili mezani mnajua kama kosa limetokea kwako au baharini, na bima inajua imlipe nani.